Kuni Mbichi za Lihove

Mtambo wa oksijeni wa hospitali ya Igodiva ulizimika saa mbili asubuhi, siku ya Ijumaa, katikati ya kipupwe. Muuguzi aliyetumwa kumwita Fundi Atuganile Mgaya hakufika mbali. Alimkuta mama huyo nyuma ya jengo, amepiga magoti kwenye matope mbele ya tanuri, mikono ya sweta ameikunja hadi kwenye viwiko. Karakana yake ilikuwa ng'ambo ya barabara, na kwa miaka mingi sikio lake lilikuwa limeshazoea mngurumo wa injini ya mtambo ule kiasi kwamba ilipozimika, alisimama kabla ya kujua kwa nini, akavuka.

Alifungua mlango wa chini wa tanuri, akachota majivu kwa koleo. Yalikuwa meusi, yanang'aa, yananata.

"Nani kapakia kuni hizi?"

"Zimeletwa jana na lori la ushirika, fundi," muuguzi alisema. "Mipaina. Imekatwa jana hiyohiyo, bado inatoa utomvu."

Atuganile alifungua debe dogo lililokuwa limefungwa kwa mnyororo ukutani, akachota unga mweupe mara tatu kwa kiganja, akaunyunyiza juu ya makaa, akafunga. Kisha akazungusha feni kwa mkono. Moshi ukaanza kutoka kwenye bomba la kupimia, mzito, wa njano. Akawasha kiberiti, akausogezea. Mwali wa kwanza ulikuwa mwekundu na wenye masizi. Aliendelea kuzungusha, anahesabu kimoyomoyo, mpaka mwali ukajikunja, ukasafika, ukawa wa samawati.

"Washa sasa."

Injini ilikohoa, ikasita, ikashika. Ghorofani, katika wodi ya watoto, watoto kumi na mmoja wenye nimonia wakaendelea kupumua kwa mirija yao.

Kazi ya tanuri si ya ajabu. Kuni zikichomwa kwenye moto ulionyimwa hewa haziishi kuwa majivu tu; hutoa gesi inayowaka. Gesi ikipozwa kwenye mabomba na kuchujwa kwenye pipa la nyuzi za mkonge, injini ya petroli inaila bila kulalamika sana. Tangu meli za mafuta zilipoacha kuja, miaka kumi na minne nyuma, nyanda za juu zote ziliishi kwa namna hiyo. Shida ilikuwa lami. Kuni zisipokauka vizuri hutoa lami, na lami huziba valvu na kuua injini. Ndiyo maana miaka ile ya mwanzo watu walipasua miti ya miwati vipande vya ukubwa wa ngumi, wakaianika wiki nne, wakaitumia kwa kuibania. Lori lilitembea mara moja kwa juma. Mashine ya kusaga iliwashwa Jumanne na Ijumaa.

Halafu Atuganile akapata unga.

"Fundi, usiondoke," alisema Daktari Oraph Kilasi, mganga mfawidhi, ambaye alikuwa ameshuka na koti lake jeupe juu ya jaketi la baridi. "Mwenyekiti Betuel yuko ofisini kwangu. Anakutafuta wewe."

Betuel Nyagawa, mwenyekiti wa ushirika wa malori, alisimama fundi alipoingia. Alikuwa mtu mkubwa, mpole wa sauti, na macho yake yalionyesha hajalala vizuri.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Betuel. Nimesikia unanitafuta."

"Ni karatasi ya msitu." Aliiweka mezani. "Kamati nzima ya ushirika imeweka sahihi. Umebaki wewe. Kuni za kuchukua karibu zimekwisha, fundi, unalijua hilo kuliko mimi. Mipaina ya jana tumeifuata kilomita sitini, na lori lilichoma nusu ya mzigo kurudi. Jumatatu tunaingia Lihove kukata."

Atuganile alitazama karatasi bila kuigusa. Lihove ulikuwa msitu wa asili juu ya kijiji chao cha jina hilohilo, kwenye chimbuko la mto. Ndio msitu pekee uliokuwa umebaki.

"Unatosha muda gani?"

"Miezi saba. Minane tukijibana."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo Mungu anajua," alisema Betuel. "Lakini mtoto aliye juu pale hawezi kusubiri jibu la baada ya hapo."

"Simamisha malori. Mtambo huu peke yake unaweza kuishi kwa matawi na vijiti vya mashambani."

"Nikisimamisha malori viazi vinaozea shambani, chumvi haifiki, mbegu haifiki. Na wagonjwa wa kule bondeni Ukange nani atawaleta? Wanawake wenye uchungu wapandishwe mlima kwa machela, kama zamani?" Alizungumza bila ukali, na hilo ndilo lililomuumiza Atuganile zaidi, kwa sababu hakuwa na mtu mbaya wa kumkasirikia mle chumbani. "Weka sahihi, fundi. Hata usipoweka tutaingia. Ila watu wanapenda kuona jina lako."

Atuganile alisema atafikiri. Akatoka.

* * *

Dada yake alikuwa amekaa kwenye benchi la karakana, na kitenge kizito mabegani. Falesi Mgaya alimzidi Atuganile miaka minne. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji kijijini Lihove tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na kila mwezi alikwenda kwenye chimbuko na saa ya marehemu mumewe kupima maji.

"Ndoo moja na nusu," alisema, hata kabla ya salamu. "Kwa dakika moja, ndoo moja na nusu. Mwaka ulipoanza unga wako zilikuwa tano."

"Kamwene, dada."

"Kamwene. Umeweka sahihi?"

"Bado."

"Usiweke."

Atuganile alisogeza sufuria ya chai kwenye makaa. Alisema watu wa ushirika wanaingia Jumatatu, yeye aweke sahihi asiweke. Falesi akamwambia kwamba Tulizo, bintiye, yuko mwezi wa nane, na amejenga na mumewe Ukange, bondeni kabisa, na maji wanayokunywa kule ni hayohayo yanayotoka juu. "Mtoto wangu atazaa mtoto wa kunywa matope," alisema. "Nami nilikuwa mmoja wa waliokuimbia siku ile. Nilikuwa mbele kabisa."

Atuganile aliikumbuka siku ile. Miaka tisa nyuma, kwenye uwanja wa soko, mbele ya umati, alipakia tanuri la lori kwa mti uliokatwa dakika kumi kabla, majani bado yamo. Akatia unga. Lori likaondoka likapanda mlima wa Igodiva likiwa na watu thelathini mgongoni, na Tulizo, aliyekuwa na miaka kumi na saba, alikuwa mmoja wao, anapunga kitambaa. Hakuna aliyefurahi siku ile kuliko fundi mwenyewe.

Unga wenyewe aliupata kwa bahati: udongo mweupe, majivu ya miwati na kutu ya chuma, vilivyokandwa na kuachwa vibichi kwenye chungu kilichosahauliwa karibu na moto. Chembe zake zilijipanga kwa namna ambayo aliiona kwenye darubini ya shule lakini hakuweza kuieleza. Alijaribu kuutengeneza upya tangu mwanzo mara mia mbili na zaidi, hakufaulu. Kilichowezekana ni kuchukua konzi ya ule mbichi wa kwanza na kuuchanganya na udongo mpya, na udongo mpya ukajipanga kwa kuiga wa zamani, kama togwa inavyoumuliwa na togwa. Huo mbichi waliuita unga mama. Ukishachomwa motoni pale karakanani ukawa unga wa kazi, uliila lami yote tanurini, lakini haukuzaa tena. Kwa hiyo unga wote wa nyanda za juu ulitoka kwenye chungu kimoja, na chungu kilikuwa nyuma ya benchi alilokalia Falesi.

Kulikuwa na jambo ambalo dada yake hakulijua. Mwezi wa nne wa mwaka ule wa kwanza, Atuganile alikaa na kalamu akapiga hesabu. Lori moja lilikula tani mbili za kuni mbichi kwa juma. Malori yalikuwa sita, lakini watu walishaanza kufufua mengine yaliyokuwa yameota majani. Alikadiria misitu, akakadiria injini, akapata kwamba milima ingebaki uchi katika mwaka wa tisa au wa kumi. Alirudia hesabu mara tatu. Halafu mtu akaja mlangoni na kuku wa shukrani, mwingine akaja na mbuzi, na mkuu wa wilaya akaja kumpa mkono, naye akaona si wakati wa kuwaharibia watu sherehe. Alijiambia atasema mwakani. Mwakani yalikuwepo malori kumi na tisa, na ingekuwa aibu zaidi kusema kuwa alijua tangu mwaka jana. Kila mwaka uliofuata uliufanya ukweli uwe mzito zaidi kubebeka, mpaka akaacha kuubeba.

"Chai yako inachemka," alisema Falesi.

* * *

Jumapili, watu wakiwa kanisani, alifanya alichofanya.

Hakujificha. Aliuacha mlango wa karakana wazi, akatoa chungu nje kwenye jua hafifu. Unga mama ulikuwa laini na baridi, unanukia mvua. Kwanza alichota nusu yake, akaichoma yote, akapata madebe mawili ya unga wa kazi. Hayo alikuwa ameyapima kwa ajili ya mtambo wa oksijeni: yangetosha mpaka mwisho wa kipupwe, hata kwa vijiti vibichi. Kisha akachukua ile nusu iliyobaki, akaimwagia magadi yaliyochemshwa.

Ulitoa mvuke, ukageuka rangi ya maziwa yaliyoharibika, ukazama chini ya chungu ukawa tope la kawaida. Atuganile aliutazama mpaka ukapoa. Alidhani angelia, au angeona mzigo umemtoka. Hakuona kitu. Alisugua chungu kwa mchanga, akakipindua juani kikauke.

Alikuwa amepiga hesabu, kama desturi yake. Malori yalikuwa na akiba ya unga uliochomwa ya majuma matatu. Wakati huohuo watu wangeanika miwati ya mashambani kwa njia ya zamani, na ingawa ilikuwa baridi, juma la nne au la tano kuni za kutosha lori moja au mawili zingekuwa tayari. Pengo la juma moja au mawili. Alidhani wangelivuka.

Jioni ileile alikwenda kwa Betuel akamwambia kwa kinywa chake mwenyewe. Betuel alisikiliza hadi mwisho.

"Wote?"

"Wote. Mna majuma matatu. Msiyatumie kukata Lihove, maana misumeno yenu ya injini itazimika kabla hamjafika katikati. Tumieni kukusanya na kuanika. Na lori moja liwekwe kwa wagonjwa."

"Ungeniambia kwanza, fundi."

"Ungenizuia."

"Ningekuzuia," Betuel alikubali. Aliilaza mikono yake mikubwa juu ya magoti. "Siwezi kuwazuia watu wasikuchukie. Nitajaribu wasikupige."

Hawakumpiga. Walipita ng'ambo ya barabara, na mwenye duka la chumvi akaacha kumwitikia. Misumeno haikuingia Lihove. Kila mwenye lori alikimbilia kutumia akiba yake kuuza viazi kabla ya mlango kufungwa, hata lile lori la wagonjwa likaazimwa mara moja, mara mbili, mara ya tatu, na akiba ikaisha katika majuma mawili. Halafu ukaanza ukungu. Ukungu na manyunyu ya Igodiva, usiku na mchana, siku ishirini na mbili mfululizo. Miwati iliyoanikwa chini ya mapaa iliota kuvu. Wazee wa milimani walisema hawakumbuki kipupwe cha namna ile.

* * *

Habari za Tulizo zilifika siku ya kumi na saba ya ukungu.

Uchungu ulimshika kabla ya wakati, asubuhi. Mume wake alikimbia kwa mwenye lori wa Ukange, wakapakia kuni walizonazo, wakazungusha feni mpaka mikono ikafa ganzi. Injini ilishika, ikatembea hatua mia tatu, ikazibwa na lami pale kwenye mwinuko wa kwanza. Wakafunga machela kwa vitenge na miti miwili. Wanaume wanane walipokezana mlimani, wanateleza, wanaanguka, wanainuka. Kilomita kumi na nane ziliwachukua mpaka alasiri.

Atuganile aliwaona kutoka mlangoni mwa karakana. Alitupa spana chini, akakimbia kushika mti wa machela, na hakuna aliyemwambia aondoke.

Tulizo alipona. Mtoto, wa kiume, alikuwa ameshakata roho njiani.

Daktari Kilasi alitoka mwenyewe kuwaambia. Falesi, aliyekuja kwa miguu kutoka Lihove, alikuwa ameketi kwenye ngazi na matope hadi magotini. Alisikia, akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuitikia kwa kichwa muda mrefu baada ya daktari kuondoka. Atuganile aliketi karibu naye. Injini ya oksijeni ilikuwa ikinguruma nyuma ya jengo, safi, bila kukosea pigo hata moja.

"Nilikwambia usiweke sahihi," Falesi alisema mwishowe. "Mimi ndiye niliyekwambia."

"Hapana, dada. Hukuniambia nifanye nilivyofanya."

"Ningejua ningekwambia ufanye." Aligeuka kumtazama, na uso wake ulikuwa umezeeka. "Hilo ndilo linalonitesa. Ningesema fanya."

Wakamzika mtoto kesho yake, mahali padogo, watu wachache. Betuel alikuja na jembe lake mwenyewe.

* * *

Siku ya tatu Tulizo alimwomba mama mdogo wake aingie wodini peke yake. Alikuwa amelala ubavu, ametazama dirisha, ambako ukungu ulikuwa umeanza kupasuka.

"Kaa," alisema. Atuganile akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Watu wanasema mambo mengi humu. Wengine wanasema uliokoa msitu. Wengine wanasema wewe ndiye uliyemuua mwanangu. Nimechoka kusikiliza. Nataka nikuulize kitu kimoja tu, mama mdogo, na usinifiche."

"Uliza."

"Ulijua? Kwamba tutafika hapa."

Ingekuwa rahisi kujibu juu ya ukungu. Ukungu hakuujua, na angeapa kwa hilo bila kusema uongo. Lakini macho ya Tulizo hayakuuliza juu ya ukungu.

"Nilijua kwamba kuni zitakwisha," alisema Atuganile. "Nilijua tangu mwaka wa kwanza. Mwezi wa nne. Nilipiga hesabu ikanipa mwaka wa tisa au wa kumi. Nikanyamaza."

Tulizo hakusogea.

"Mwaka wa kwanza mlikuwa na malori sita," Atuganile aliendelea, na sauti yake sasa haikuwa yake. "Ningesema wakati ule, tungepanda. Tungepanga malori machache, ya wagonjwa na ya mbegu, na kuni kavu za akiba ghala zima. Msitu ungekuwepo na lori lako lingekuwepo. Nilipouharibu unga mama sikuchagua kati ya msitu na wewe, Tulizo. Nilikuwa nimeshachagua miaka tisa nyuma, siku niliyonyamaza kwa sababu nilipenda kushangiliwa. Safari hii nilichelewa tu."

Kwenye kitanda cha jirani mtu alikohoa. Tulizo alivuta blanketi hadi shingoni.

"Mama anajua?"

"Hajui. Hakuna anayejua."

"Basi kawaambie." Alisema kwa upole uliochoka. "Wako pale nje wanangoja zamu ya kuleta kuni za mtambo. Betuel yupo. Mama yupo. Kawaambie kama ulivyoniambia mimi, usipunguze. Leo, si mwakani."

"Nitawaambia."

"Halafu urudi." Atuganile alikuwa ameshasimama, hakuwa na hakika amesikia sawasawa. "Nywele zangu zimeshikana tangu siku ya machela. Mama mikono inamtetemeka, hawezi. Urudi unisuke."

Uani kulikuwa na watu kama sitini, na vijiti, na matawi, na mlango mmoja mkuukuu ambao mtu alikuwa ameung'oa nyumbani kwake akauleta kwa ajili ya watoto wa wodini. Atuganile alisimama kwenye ngazi ya pili, akasema yote, mwaka na mwezi, na kuku na mbuzi na mkono wa mkuu wa wilaya. Alipomaliza, Betuel alivua kofia yake, akaigeuzageuza mikononi, kisha akaivaa akaondoka. Mwingine akatema mate chini. Falesi alibaki pale alipokuwa, amekumbatia mzigo wa vijiti, anamtazama mdogo wake kama mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo, na hakumsogelea.

Atuganile akarudi ndani. Alimkalisha Tulizo, akampangia mito mgongoni, akachukua kitana. Mafundo yalikuwa mengi, na tope la mlimani lilikuwa limekaukia humo. Alianza chini, kwenye ncha, polepole, anashikilia shina la nywele kwa mkono mwingine ili asimuumize.

"Vuta tu," alisema Tulizo. "Usiogope."

Lakini yeye aliendelea kwenda polepole, na kila punje ya tope iliyotoka aliiweka kwenye kiganja chake.